Bangili ya Nenen Eudovie

Meli ilipofunga gati asubuhi ile ilikuwa imelizidi kanisa kwa kimo, imeizidi wizara ya fedha, imeizidi hata ngome ya kilimani ambako Waingereza walipanga mizinga yao ya kuwatishia Wafaransa. Ghorofa juu ya ghorofa, nyeupe kama jokofu. Sisi madereva wa vani tulijipanga chini ya tumbo lake, kila mtu ndani ya shati la maua tulilolazimishwa na wakubwa wa gati. Mimi hulivaa vifungo vya juu wazi, ili ijulikane kuwa nimelazimishwa.

Simu ikalia. Alikuwa Marvalyn, mwenye duka la juu kule kijijini kwetu Galet.

"Kipaza, uko wapi?"

"Siku ya meli niwe wapi? Niko gatini."

"Wanampelekea Nenen bangili leo."

Nikatoka kwenye foleni kidogo. "Nani wanampelekea?"

"Nani tena! Yule binti wa Fontenelle kapita hapa na gari la Kampuni. Kabeba keki mapajani, na nyuma kuna kijana wa kupiga picha. Kaniuliza Nenen siku hizi anateremka kuoga saa ngapi."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia sijui. Lakini mimi uongo haunikai usoni, unanijua. Njoo, Kipaza. Njoo upesi."

Nikatukana. Dereva wa mbele yangu akageuka, akadhani nimemtukana yeye, akanirudishia tusi zuri kuliko langu. Sikuwa na nafasi ya kumjibu, maana wageni walishaanza kumwagika kutoka melini na kofia zao na krimu zao za jua, na msimamizi wa foleni alishanisukumia saba wa kwanza.

Nieleze jambo lenyewe, kwa sababu bila hilo siku hii yote itaonekana kama wazimu wa dereva mmoja.

Njia ya kuteremka pwani ya Anse Galet haina hati. Ilipigwa na miguu. Babu za babu zetu walipotoka katika shamba la miwa la Beaudry wakiwa watu huru, kitu cha kwanza walichofanya ni kuteremka kwa njia hiyo kwenda kuoga baharini, na hawakumwomba mtu. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuomba. Waingereza walituachia sheria nyingi kwa ajili ya faida yao, lakini moja iliwaponyoka: njia ambayo watu wameipita tangu zamani bila kuomba ruhusa, ni ya watu. Bila kuomba ruhusa, hapo ndipo kisu kilipo. Ukiomba, au ukipewa ukapokea, umekiri kuwa yupo wa kutoa.

Kampuni ya hoteli ilipoinunua ardhi ya Beaudry iliyajua hayo vizuri kutuzidi. Hawakuleta mbwa wala bunduki. Hayo tuliletewa wakati wa mgomo wa ndizi, nami nilikuwepo, nimesimama juu ya paa la vani hii hii na kipaza sauti, na jina nikalipatia hapo. Mbwa tulijua kuwajibu. Safari hii walileta bangili. Bangili za plastiki za rangi ya dhahabu, zinazobanwa mkononi zisifunguke, kama wanazovaa wageni wao. Aliyetaka kuuza shanga pwani akapewa bangili. Aliyepata kazi ya kufagia, bangili. Vijana wa kupiga ngoma, bangili. Mmoja mmoja, kwa tabasamu. Mimi peke yangu sikupewa. Mimi nilipewa amri ya mahakama: nisivuke mstari wa njano uliopakwa mbele ya geti lao hadi kesi iishe.

Na kesi ilikuwa Jumatatu. Wakili wetu alituuliza swali moja tu: je, mnaye hata mtu mmoja ambaye bado anapita pale kila siku bila bangili na bila kuomba? Tukatazamana. Tunaye mmoja. Nenen Eudovie.

Nenen ndilo jina tunalomwita mama wa ubatizo, na Eudovie amewashika kwenye kisima cha ubatizo nusu ya kijiji, pamoja na walinzi wote wa geti. Kila siku jua likipanda yeye huteremka na taulo lake begani kwenda kuoga bahari kwa ajili ya magoti yake. Walinzi, anapopita, hutazama simu zao. Nani atamzuia mwanamke aliyemshika kichwa kwenye maji ya baraka? Basi wasipoweza kumzuia, watamzawadia. Na Nenen hajawahi kukataa kitu alichopewa kwa mkono. Kwake huo ni ushenzi, hana neno jingine.

Hilo ndilo lililokuwa likinipanda kifuani nilipowasha vani.

Katika wale saba, wawili ndio ninaowakumbuka. Kiti cha mbele alikaa mama mmoja mweusi wa Baltimore, mwalimu mstaafu, jina lake Patrice, na mkoba alioukumbatia kama mtoto. Nyuma yangu alikaa Lundgren, mzee mrefu wa Minnesota, uso mwekundu kama kamba wa kuchemsha, simu yake kaifunga kwenye fimbo. Alikuwa anarekodi tangu mlango wa vani. Alirekodi mlango wenyewe.

"Maporomoko ya maji kwanza, sivyo?" akauliza. "Kwenye tangazo ni maporomoko, kisha chemchemi za kiberiti, kisha pwani."

"Leo tunaanza na pwani," nikasema. "Maji ni mazuri zaidi asubuhi."

"Tangazo linasema..."

"Tangazo liliandikwa na mtu wa ofisini, bwana. Bahari haisomi."

Wengine wakacheka. Lundgren hakucheka.

Siku za meli barabara yetu ya milimani huwa moja na vani zote za kisiwa zimo juu yake, pua kwa mkia. Nilipiga honi. Niliipita vani ya kwanza kwenye kona ambayo haipitwi na mtu mwenye akili. Mama Patrice akashika dashibodi.

"Kaka," akasema taratibu, "kuna mtu anazaa?"

"Hapana, mama."

"Kuna mtu anakufa?"

"Bado."

Tukapita shamba la zamani la ndizi, sasa ni nyasi na bati la kibanda cha kufungashia. Kwa kawaida nasimama hapo. Nawaambia wageni jinsi wanunuzi wa London walivyoketi asubuhi moja wakakata bei, na mchana wake wanaume wa bonde zima wakakata migomba kwa mapanga yao wenyewe, wakilia. Nawaambia nani alipigwa risasi ya goti na nani alipandishwa cheo kwa ajili ya risasi hiyo. Nakumbuka majina yote. Bakshishi hupungua, lakini nawaambia. Siku hiyo nilipita bila neno, na mkono wangu ukawa unapiga usukani kama ngoma.

"Bwana dereva," Lundgren akasema nyuma yangu. "Tumepita kibao cha maporomoko."

"Kibao cha zamani hicho."

"Rangi yake ni mbichi. Nimekirekodi. Hiki hapa."

Akaninyoshea simu mbele ya pua. Nikaisukuma na kiwiko.

Mama Patrice alinitazama shingo. "Kaka, mimi nimefundisha watoto wa miaka kumi na mitatu maisha yangu yote. Mtoto akidanganya, mshipa wa hapa husimama. Wako umesimama tangu gatini. Sema kuna nini."

Nikasema. Niliendesha na kusema, kona kwa kona, njia, sheria, bangili, Jumatatu, Nenen. Kisha Lundgren akakohoa.

"Nasikitika kusikia," akasema. "Lakini hayo ni mambo yenu. Mimi nimelipia maporomoko."

Mambo yenu. Maneno hayo nimeyasikia kwa lafudhi ya London, na kwa lafudhi ya Barbados, na kwa lafudhi ya waziri wetu mwenyewe aliyesoma kwa ndizi za baba yake. Nilifungua mdomo nimpe yeye majibu ya wote watatu. Mama Patrice akaniwahi.

"Kabla hamjagombana, mimi nataka choo. Na sio choo cha kesho."

Hakuna choo katika barabara ile ila kwa Marvalyn. Nikasimama dukani huku injini inaunguruma. Marvalyn alitoka na kisu cha kumenyea maembe mkononi, akamwelekeza mama Patrice uani, kisha akaja dirishani kwangu.

"Umechelewa. Ameshateremka."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe ukiwa bado unapiga honi kule kona ya msalaba. Kisiwa kizima kimekusikia. Na binti Fontenelle yuko naye getini, wanamlisha keki."

"Na wewe ukamwacha?"

"Nimwachie nani duka, wewe? Usinipandishie sauti, Kipaza, mimi si mkutano wa hadhara."

Macho yangu yalikwenda kwenye mkono wake. Bangili ya dhahabu ilikuwa pale, chini ya kiwiko, ameisukuma juu isionekane. Aliona kuwa nimeona. Akashusha mkono wa blauzi.

"Nina watoto watatu," akasema.

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema. Uso wako haujui kunyamaza kama mdomo wako." Akafungua mlango wa vani, akajipenyeza kati ya wageni na kisu chake. "Sogeeni, wapenzi. Haya, twende."

Mama Patrice alirudi akikimbia, mkanda wa suruali mkononi. Tukateremka ile barabara ya mawe hadi chini, na kwenye geti la Anse Galet nilifunga breki vumbi likatutangulia.

Nenen Eudovie alikuwa amesimama chini ya mti wa mkungu, mdogo, mweusi, wima, gauni lake la kuogea limefifia hadi halina rangi, kwapani kashika kibuyu cha kujimwagia maji. Mkononi ilikuwapo. Iling'aa kutoka mbali. Kijana wa picha alikuwa anapiga, amepiga goti kama mbele ya altare. Binti Fontenelle, viatu vyeupe, karatasi ya keki mkononi, alikuwa anatabasamu kwa ajili yao wote wawili.

Mimi sikushuka. Nilishika kipaza sauti.

"NENEN! IVUE! USIPITE NAYO! WANAKUIBIA NJIA!"

Ndege waliruka kwenye mkungu. Nenen aligeuka polepole, akainua kiganja juu ya macho.

"Theophilus," akasema, bila mashine, nami nikamsikia. "Salamu iko wapi?"

"Nenen, hakuna wakati wa..."

"Kuna watu hapa. Umekuja na wageni. Salamu iko wapi?"

Nikashuka. Nilitembea hadi ncha za viatu vyangu zikagusa mstari wa njano, nikasimama hapo. Nikasema habari za asubuhi kwa Nenen. Nikasema habari za asubuhi kwa Kervin, mlinzi, mtoto wake wa ubatizo, ambaye alikuwa anatazama ardhi. Nikasema kwa kijana wa picha. Nenen akangoja. Nikasema, na meno yakiniuma, kwa binti Fontenelle.

"Habari za asubuhi, bwana Theophilus," akajibu yule. "Unakumbuka mstari, natumaini."

"Mstari uko palepale mlipoupaka."

"Sasa sema," Nenen akaniambia.

Nikasema yote tena, haraka, maneno yakikanyagana. Nilimwambia kuwa hiyo si zawadi. Kuwa picha ile itakuwa mezani kwa jaji Jumatatu. Kuwa akivuka geti nayo mkononi, basi babu zake wote wamevuka nayo. Yeye alinisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, kama anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni.

"Huyu ni mjukuu wa Ismanie," akasema nilipomaliza, akamwonyesha binti Fontenelle kwa kidevu. "Ismanie alinishonea gauni la harusi kwa mkopo. Mjukuu wake kaja, kaniletea keki kwa mkono wake, kanivalisha kitu kwa mkono wake. Ulitaka nimrushie usoni?"

"Ndiyo!"

"Mama yako alikufa mapema mno," akasema Nenen, na hilo ndilo likawa jibu lake.

Marvalyn alikuwa amesimama kando, kisu kikining'inia, hatazami mtu. Nyuma, wageni walishuka mmoja mmoja, na Lundgren, bila shaka, alikuwa ameinua fimbo yake. Alikuwa anarekodi hata hili. Hasira yangu ikatafuta mahali pa kwenda, ikakosa.

Nenen akaanza kujiandaa kuoga. Jambo hili hulifanya kila siku pale pale getini, nasi tumelizoea hata hatulioni. Alivua hereni, moja, nyingine. Alivua mkufu wa msalaba. Aliilainisha pete ya ndoa kwa mate hadi ikavuka kifundo. Akavifunga vyote katika ncha ya leso, akampa Kervin amtunzie, na Kervin akatia mfukoni kama kila siku. Kisha akaishika ile bangili, akaivuta. Haikutoka. Akaivuta tena.

"Kervin, nifungulie."

"Haifunguki, Nenen," Kervin akasema chini chini. "Hizo hukatwa tu."

"Iache, Nenen," binti Fontenelle akasema. "Ni ya plastiki. Maji hayaiharibu. Imekupendeza."

"Inang'aa," Nenen akasema.

"Ndiyo, nzuri, sivyo?"

"Mtoto, inang'aa." Nenen alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ismanie hakukufundisha kitu? Utaingiaje baharini na kitu kinachong'aa? Mzia, yule samaki wa meno makali, ataiona kutoka kwenye mwamba. Rafiki yangu Altina aliingia na bangili ya harusi hapa hapa, nikiwa nimesimama naye, samaki akaja kama kisu. Hadi anakufa mkono ule ulibaki na vidole viwili. Mimi na uzee wangu huu niende kumwita mzia?"

"Nenen, siku hizi hakuna..."

"Marvalyn. Lete hicho kisu."

Marvalyn alikwenda. Alisita kidogo alipopita mbele ya binti Fontenelle, kisha akapita. Aliingiza ncha chini ya plastiki, akageuza makali juu kwa uangalifu, akakata. Tak. Bangili ikafunguka, Nenen akausugua mkono wake. Ile ya Marvalyn mwenyewe ilibaki ilipo, chini ya blauzi. Sitamsema.

Mimi nilikuwa nimerudi kwenye vani, nimekishika tena kipaza sauti, napiga kelele sijui nini, ushindi, uhuru, Beaudry, ndizi. Nilikuwa nimeyangoja kwa muda mrefu.

"Theophilus, funga mdomo," Nenen akasema. "Mashine yako inatutoboa masikio."

Nikazima.

Na hapo binti Fontenelle akakosea. Namjua, si mjinga, amesoma, lakini kwa mara ya kwanza asubuhi ile mambo hayakwenda kama alivyopangiwa, akarudi kwenye kitabu chake cha kazi.

"Basi itabidi angoje hapa," akamwambia Kervin. "Nitatuma nyingine kutoka ofisini. Bila bangili hakuna kuingia. Ndio utaratibu."

Nenen aliacha kuusugua mkono.

"Utaratibu wa nani?"

"Wa Kampuni tu, Nenen. Ni dakika chache."

"Ngoja nikuelewe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kile ulichonivalisha, nisingekuwa nacho, ningezuiwa?"

Binti Fontenelle akaikunja karatasi ya keki.

"Mimi nilidhani umenipa pambo. Nikakushukuru. Nimekula keki yako, nimekuombea heri na mama yako. Kumbe ulikuwa unanipa tiketi ya kuingia bafuni kwangu."

Akaokota ile plastiki iliyokatwa mchangani. Akaipangusa kwa gauni, maana Nenen harudishi kitu kichafu. Akamwekea binti Fontenelle kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

"Keki ilikuwa nzuri. Sukari imezidi kidogo. Mwambie mama yako nitamletea shelisheli Jumapili."

Kisha akageukia geti. Kervin alikuwa katikati ya njia, kofia ya Kampuni imemshuka usoni. Kazi ile aliipata baada ya kukaa muda mrefu bila kazi. Kijijini kila mtu anajua.

"Habari za asubuhi, Kervin."

"Habari za asubuhi, Nenen." Salamu haikosi kujibiwa, hata na mlinzi. "Nenen, nisamehe. Nimeambiwa nisikuruhusu."

"Nimekuomba?"

"Nini, Nenen?"

"Ruhusa. Nimekuomba?"

Kervin alimtazama. Alimtazama binti Fontenelle.

"Hapana, Nenen. Hujaniomba."

"Basi itunze pete yangu isipotee."

Akampita. Hakumgusa, hakuharakisha. Aliteremka ile njia na magoti yake mabovu, kibuyu kwapani, mkono mtupu, na hatimaye tukaona kichwa chake cheupe juu ya maji, na kibuyu kikipanda na kushuka. Kijana wa picha alikuwa ameishusha kamera. Hakuna aliyemwambia apige hiyo.

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Lundgren, fimbo bado juu, jicho la simu limetulia kwenye bahari. Yote yalikuwa mle. Kukatwa, utaratibu, Nimekuomba, Hapana hujaniomba. Jumatatu wao watakuwa na picha ya tabasamu na bangili, na sisi tutakuwa na neno la Kipaza, ambalo jaji yule amelisikia mara nyingi hadi amechoka nalo. Au tutakuwa na hii.

Nilikwenda kwake. Jua lilinichoma kichwani. Mimi sijui kuomba. Nimeishi maisha yangu yote nikidai, na dai husemwa kwa sauti, ukiwa umesimama juu ya kitu.

"Bwana Lundgren," nikasema. "Nakuomba hiyo video."

Alishusha fimbo. Alinitazama kwa macho yake ya buluu yaliyochoka.

"Maporomoko," akasema.

"Bwana, meli inaondoka..."

"Mke wangu amelala melini. Hainuki tena, bwana dereva, si kichefuchefu cha bahari tu, ingawa ndivyo tunavyowaambia watu. Tangu Januari anazungumzia maporomoko hayo. Nimeahidi kumletea yakiwa na sauti yake, yote, si picha." Akaifuta simu kwa shati. "Wewe una bibi yako na mimi nina wangu. Nipeleke, nitakupa."

Mama Patrice alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkanda amefunga. "Mmesikia," akawaambia wengine, kwa sauti ya darasani. "Ndani, wote. Anayetaka kuogelea ataogelea bafuni kwake."

Niliendesha nilivyoendesha. Sitaki kueleza zaidi. Vani ile bado ina alama. Marvalyn tulimtupa dukani bila kusimama vizuri, akatutukania mama zetu wote pamoja na Lundgren. Kwenye maporomoko Lundgren alisimama juu ya jiwe lililolowa, fimbo mbele, bila kusema neno, na mimi nilikuwa nazunguka vani, nagusa matairi, natazama kule chini ambako honi ya meli ilianza kulia. Alirekodi kwa muda mrefu. Sikumharakisha. Ilinigharimu, lakini sikumharakisha.

Kule milimani simu haishiki. Ilibidi video itumwe kutoka gatini, kwa mtandao wa meli yenyewe. Tulifika honi ya mwisho ikiwa hewani. Mabaharia walikuwa wameanza kuondoa vizuizi vya ngazi. Wageni wakakimbia, mama Patrice alinibusu shavuni akiwa mbioni akaacha alama ya krimu ya jua. Lundgren alibaki. Alisimama mguu mmoja kwenye ngazi, mguu mmoja kisiwani kwetu, simu imenyoshwa kati yangu naye, na mstari mdogo wa buluu unatambaa juu ya kioo.

"Bwana, panda," baharia akamwambia.

"Bado kidogo."

"Bwana, tunaondoka."

"Basi ondokeni na mguu huu."

Mstari ukafika mwisho. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Aliinua kidole gumba, akapanda, mrefu, amepinda kidogo, akatafuta mlango wa kuelekea kwa mkewe.

Meli ilipojitenga na gati niliifungua video mle ndani ya vani, madirisha yamefungwa kwa joto lote lile. Kisu kinapoikata bangili hakuna kinachosikika ila mimi. Mimi, mimi, Beaudry, ndizi, uhuru, na mlio wa mashine, na midomo ya watu inatembea bila sauti. Nikaona jasho linanitoka upya. Nikadhani nimeifunika yote. Halafu Nenen akageuka, akaitazama kamera bila kujua, akasema kwa uwazi kama kengele: "Theophilus, funga mdomo."

Na kuanzia hapo kila neno lilisikika.

Nikamtumia wakili. Akajibu kuwa itabidi ichezwe yote tangu mwanzo, mahakamani, bila kukatwa, pamoja na hilo la mdomo wangu.

Nikamwandikia: icheze.